Kizimba Kilichoniokoa Kilikuwa Kibovu

Gari langu lilipinduka likienda polepole kuliko mtu anayetembea. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hudhani tulikuwa tunafukuzana na mtu. Hapana. Fowili ilikuwa imeingia, magurudumu yote manne yanavuta, niko gia nzito ya kwanza, nakata mteremko kwa ubavu. Gurudumu la upande wa juu likapanda jiwe lililofichwa na majani, la upande wa chini likazama kwenye udongo laini. Gari likasita kidogo, kama mtu anayejiuliza aketi au asiketi. Kisha likalala ubavu. Kisha, taratibu kabisa, likaendelea mpaka paa likawa chini na magurudumu yakabaki hewani yanazunguka.

Hapakuwa na mshindo. Ulikuwa mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya mawe, na baada yake msafara wa vitu: jeki, dumu la maji, boksi la spana, vyote vikitoka nyuma na kupita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye kioo cha mbele. Halafu kimya na harufu ya mafuta. Nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda, damu imenijaa kichwani, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata bomba la kizimba, ile fremu ya mabomba inayozunguka viti ili kutukinga gari likipinduka, juu ya mlango. Sikumbuki niliukamata saa ngapi. Laiti gari lingekuwa limelalia upande ule, vidole vyangu vingebaki kati ya bomba na jiwe.

"Zima injini," mwenzangu akasema, naye akining'inia kama popo. "Na usifungue mkanda kwanza. Tanguliza mkono darini."

Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko vifaa vyote vilivyokuwa garini. Mtu aliyening'inia kichwa chini akibonyeza kitufe cha mkanda bila kujishikilia, huangukia shingo yake mwenyewe kwa uzito wote wa mwili. Tulitoka wazima, michubuko na aibu tu. Jioni ile nilimwambia kila mtu kwamba kizimba kimeniokoa, na haikuwa uongo.

Siku mbili baadaye tulifika kwa fundi, mtu mzima ambaye sote twamwita Mzee. Akaninyanyulia zulia upande wa dereva. Mguu wa mbele wa kizimba ulikuwa umetoboa sakafu ya gari na kuzama kina cha vidole vinne. Bati lilikuwa limepasuka kwa umbo la mwezi mchanga kuuzunguka mguu ule, na kilichokuwa kimeushikilia usiendelee kushuka ni bomba la breki na bahati. Mzee akamulika tochi, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kijana, hiki kizimba kimekuonea huruma tu." Akazima tochi.

Nilikuwa nimelinunua gari likiwa na kizimba tayari. Kilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, mabomba manene, mikunjo mizuri. Nilikiamini kwa sababu kilinipendeza. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza, nimekata chuma na kuchomelea, na nimegundua kwamba mambo yanayoamua kama kizimba kitakulinda ni yale usiyoyaona ukisimama nje ya gari na kusema, "Aisee!"

Kazi ya kizimba, ambacho mafundi wengi hukiita keji, ni moja: kuhifadhi nafasi ambamo miili yenu imo. Kinaruhusiwa kukwaruzika, kubonyea kidogo, hata kuharibika kiasi cha kutofaa tena, mradi nafasi ile haijaliwa. Wahandisi wa mitambo ya kuchimba ardhi wameliweka jambo hili vizuri. Kwenye kiwango cha ISO 3471, kinachohusu miundo ya kumkinga mwendeshaji mtambo unapopinduka, kuna umbo la kufikirika linalomzunguka mtu aliyekaa kitini. Muundo husukumwa kwa nguvu zilizowekwa, na hakuna sehemu yake inayoruhusiwa kuingia ndani ya umbo hilo. Basi. Hakuna anayeuliza kama mabomba yanapendeza.

Mtu anaweza kusema gari lina paa lake, la nini kizimba? Swali la haki. Kanuni ya Marekani ya uimara wa paa ilianza kutumika mwaka 1973: paa libebe mara 1.5 ya uzito wa gari kabla ya kubonyea kupita kiasi. Mwaka 2009 kanuni ikapandishwa hadi mara 3 kwa magari mengi ya kawaida, na taasisi ya bima ya IIHS, kwa upimaji wake wenyewe, ikataka mara 4 kwa gari kupata alama ya juu. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini magari mengi tunayopeleka kwenye mawe na mabonde ni ya miundo ya zamani, mengine yana turubai au hayana paa kabisa. Isitoshe, mteremko haupindui gari mara moja ukaridhika. Paa la bati hupata nguvu yake kwa kushirikiana na nguzo na, kwa sehemu, kioo cha mbele kilichogundishwa. Kioo kikishavunjika katika mgongano wa kwanza, mgongano wa pili unalikuta paa lenye msaada pungufu.

Waliojifunza jambo hili mapema ni watu wa trekta, ambao waendeshaji wa magari ya rafu hatuwakumbuki kamwe. Trekta ni jembamba, refu, linafanya kazi kwenye miteremko, na likipinduka dereva alikuwa analaliwa. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na muundo wa kinga mwaka 1959. Marekani ikaja baadaye: waajiri wakatakiwa kuweka kinga kwenye matrekta yaliyotengenezwa baada ya tarehe 25 Oktoba 1976. Ndani ya somo hilo kuna kipengele ambacho kilinishangaza. Trekta lenye upinde wa kinga uliosimamishwa, funga mkanda. Trekta ambalo upinde wake umekunjwa chini au halina kabisa, usifunge, kwa sababu utakuwa umejifunga kwenye kitu kitakachokulalia. Mkanda na upinde ni mtu na mkewe. Ukiwa na upinde bila mkanda, unarushwa nje, na mara nyingi upinde huohuo ndio unaokuangukia.

Sasa kwenye umbo. Chukua vijiti vinne, vifunge ncha kwa uzi uwe na mstatili, kisha usukume pembe moja ya juu kwa kidole. Unalala papo hapo. Ongeza kijiti cha tano cha mshazari, kutoka pembe hadi pembe, halafu usukume tena. Kitu kimebadilika kabisa, na hukuongeza unene wa kijiti hata kimoja. Nimeona magari yenye pinde mbili nene, moja nyuma ya viti na moja mbele, zimeunganishwa kwa mabomba mawili juu, bila mshazari popote. Hiyo ni meza isiyo na mikingamo. Likiangukia paa wima, sawa. Lakini gari likipinduka huwa halishuki wima. Linafika likiwa linasogea kwa ubavu, linausukuma upinde upande mmoja kwenye kona ya juu, palepale ulipoweka kidole kwenye vijiti.

Kizimba kamili kina upinde mkuu nyuma ya viti, pinde nyingine, moja ama mbili, zinazofuata nguzo za kioo cha mbele, mihimili ya nyuma inayouzuia upinde mkuu usilale, mshazari ndani ya upinde mkuu, mabomba ya milango na ya darini. Kanuni za vizimba za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, zile za Kiambatisho J kifungu cha 253, zinataka mihimili ya nyuma iwe na angalau nyuzi 30 kutoka wima. Ukisoma haraka unaona ni urasimu. Ukikumbuka vijiti vyako unaelewa: mhimili ulio karibu wima hauwezi kuzuia kitu kilalacho kuelekea mbele au nyuma. Ni nguzo nyingine tu.

Na mabomba hayo yakutane. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko lolote kwenye vizimba vya kujitengenezea. Mshazari unashuka vizuri, halafu unafikia upinde sentimita kumi na tano kutoka kwenye kiungo, kwa sababu pale palikuwa rahisi kufika na mashine. Nguvu inayoshuka kwenye mshazari sasa inapiga katikati ya bomba lisilo na msaada nyuma yake, inalipinda kama mtu anavyovunja ukuni juu ya goti. Bomba ni hodari sana likisukumwa au kuvutwa kwa urefu wake. Likipigwa tumboni ni dhaifu kuliko unavyodhani.

Hata kwa urefu wake lina mpaka. Bomba jembamba refu likisukumwa ncha kwa ncha halipondeki, linachepuka ghafla katikati. Leonhard Euler alishalifanyia hesabu jambo hilo katika karne ya 18, na hesabu yake inasema kwamba ukigawa urefu usio na msaada kwa mbili, mzigo ambao bomba refu linaweza kubeba kabla ya kuchepuka unaongezeka mara nne. Kwa hiyo kipande kifupi kilichowekwa mahali sahihi kinaweza kukusaidia kuliko kubadili kizimba kizima kwa mabomba mazito. Na bomba lililopindwa tayari limeshaanza safari ya kuchepuka. Umeliamulia hata upande. Kwa sababu hiyo mihimili ya nyuma na mishazari inatakiwa iwe imenyooka. Mikunjo ile mizuri niliyokuwa naisifia kwenye gari langu, miwili ilikuwa kwenye mihimili ya nyuma, imekunjwa ili kukwepa tairi la akiba.

Nilijaribu kupinda bomba mwenyewe mara moja, kwa ile mashine ya haidroliki inayosukuma bomba katikati likiwa limeegemea vigingi viwili. Matokeo yalikuwa kama mrija wa soda uliokunjwa kwa mkono: upande wa ndani umejaa makunyanzi, upande wa nje umebonyea. FIA inadai nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa kwenye mstari wa kati wa bomba, kiwe angalau mara 3 ya kipenyo cha bomba, na kama bomba limekuwa la duaradufu, kipenyo kifupi kisipungue 0.9 ya kile kirefu. La kwangu halikuhitaji kupimwa. Mzee aliligeuza mara moja, akaniuliza kama nina mbuzi wa kumfunga.

Bomba lenyewe ni habari ndefu, nitakata. Bomba la maji si bomba la kizimba, hata likiwa nene. Limetengenezwa kuzuia maji yasivuje, huuzwa kwa kipimo cha jina ambacho si kipenyo halisi, na mara nyingi hujui chuma chake kina nguvu gani wala mshono wake umepikwaje. Kwa upinde mkuu FIA inataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya mvutano isiyopungua nyutoni 350 kwa milimita ya mraba, kipenyo cha nje milimita 45 kwa unene wa ukuta 2.5, au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine zinaweza kuwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0.

Nilikaa na kikokotoo usiku mmoja nikitaka kujua kwa nini wanahangaika na milimita saba. Bomba la 45 lina uzito wa kilo 2.6 hivi kwa mita, la 38 kilo 2.2. Tofauti ni asilimia 20 tu. Lakini ukakamavu wake dhidi ya kupindwa unazidi kwa asilimia 71, kwa sababu kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimepigwa kipeo cha nne. Na lile la 50 kwa 2.0 ni kakamavu zaidi ya la 45 ilhali ni jepesi kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa, mpaka Mzee aliponikumbusha kwamba kwenye mawe ukuta mwembamba hubonyezwa haraka, na bomba lililobonyea limeshapoteza umbo ambalo ndilo lililokuwa linalipa nguvu. Kwa gari linalosuguana na miamba, mimi ningechagua ukuta mnene.

Kuna wanaoapa kwa kromoli, chuma cha 4130 chenye kromiamu na molibdeni. Kina nguvu zaidi, ni kweli. Ila ukakamavu wake ni uleule wa chuma cha kawaida. Bomba la kromoli la ukubwa uleule litapinda kiasi kilekile chini ya mzigo uleule, tofauti ni kwamba litachelewa kufika mahali pa kutorudi. Nacho kinadai mchomeleaji makini, maana sehemu iliyo kando ya mshono ikipoa vibaya inakuwa ngumu na kukatika badala ya kunyumbuka. Kwa gari la wikendi, chuma cha kawaida kilichochomelewa vizuri kinanitosha.

Turudi kwenye mguu uliotoboa sakafu, maana huo ndio ulionifanya nianze kuandika haya.

Sakafu ya gari ni bati. Unene wake unakaribia milimita moja, mara nyingi pungufu. Weka juu yake bomba la milimita 45, kisha uweke gari zima juu ya bomba hilo, kichwa chini. Umetengeneza kitoboleo. Kwa hiyo kanuni inataka kila mguu wa upinde ufungwe kwa angalau bolti tatu, zisizopungua M8, yaani unene wa milimita 8, za daraja la uimara 8.8, kwenye plati ya chuma yenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, ambayo yenyewe imechomelewa kwenye bodi. Sentimita 120 za mraba ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na sehemu ya vidole. Wa kwangu ulikuwa na kibati cha ukubwa wa kiberiti, chembamba, kimefungwa kwa skrubu mbili za kujitoboa. Zulia likafunika, maisha yakaendelea.

Eneo peke yake halitoshi. Plati iliyolala katikati ya bati tambarare inazama pamoja na bati. Inatakiwa ipande kwenye ukingo wa mlango, pale bodi ilipojikunja na kuwa sanduku, ili nguvu ipate mahali pa kwenda. Mzee alinionyesha kwa karatasi: akaisimamisha bapa, ikaanguka, akaikunja mkunjo mmoja, ikasimama na kubeba kalamu. Akaingiza plati mpya zilizokunjwa umbo la herufi L, nusu sakafuni, nusu kwenye ubavu wa kizingiti.

Magari yenye chesisi ya ngazi yanaleta mgogoro wa kwao. Bodi imekaa juu ya chesisi kwa vipande vya mpira, na vyote viwili havisogei pamoja: gari likipanda mawe, chesisi inajinyonga huku bodi ikijaribu kubaki ilivyo. Ukifunga kizimba kwenye bodi tu, gari likipinduka kwa nguvu inabidi uamini kwamba bolti na mipira ile haitang'oka. Ukikifunga kwenye chesisi kupitia matundu ya sakafu, una uimara, lakini kizimba sasa kinatikisika peke yake ndani ya bodi, kinakula dashibodi na kupiga kelele. Ukichanganya, miguu minne kwenye chesisi na miwili kwenye bodi, kizimba kinageuka kuwa kamba ya kuvutana, na ufa utatokea mahali fulani. Mimi nimechagua chesisi, kwa mabano yenye bushi nene, na nimevumilia kelele. Najua watu wenye akili waliochagua bodi. Sijakutana na mwenye akili aliyechanganya.

Vipi vizimba vya nje, vile vinavyolizunguka gari kama mizizi? Vinalinda bodi na vinaiacha nafasi ya kichwa wazi. Ubaya wake ni kwamba kila kiungo kilichochomoza kinaweza kunasa kwenye jiwe na kuligeuza tukio la kulala ubavu kuwa la kuviringika. Kama gari linapita pia barabarani, fikiria mtu wa miguu. Sivipendi, lakini naelewa wanaovipenda.

Sasa kichwa. Hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Kizimba kilichoko sentimita chache kutoka kwenye fuvu, dereva hana helmeti, amefunga mkanda wa kawaida wa kujivuta wenye pointi tatu, ni nyundo iliyotundikwa karibu. Gari linapopinduka mwili haukai kitini kama picha. Mkanda unanyumbuka, makalio yanainuka, kichwa kinachora duara kubwa kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa na uvimbe juu ya sikio la kushoto, na bomba la mlango lilikuwa na unywele. Mwendo wa kobe, nakumbusha.

Ndiyo maana kuna pedi maalumu za kuvisha mabomba. Ile sponji laini ya mabomba ya maji ya moto, inayopendwa kwa sababu inapatikana, inabonyea yote kwa kidole. Kichwa kinaipita kama haipo. Pedi za viwango kama FIA 8857-2001 au SFI 45.1 ukizishika unaziona ngumu, karibu kama mbao, na watu huzikataa dukani kwa sababu hiyo. Lakini zimekusudiwa helmeti. Kichwa kitupu hakipati faida ileile, kwa hiyo gari linalopeleka watoto shule siku za kazi lisiwe na bomba ambalo kichwa kitupu kinaweza kulifikia. Hilo ni la kuamua kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, na wakati mwingine jibu ni kuishia na upinde wa nyuma na mihimili yake, basi. Na ukiwa na mifuko ya hewa ya pembeni inayofunguka kutoka darini, bomba lililopita mbele yake limeshaiharibu kazi.

Mikanda ya mabegani isishuke kwa mwinuko mkali kutoka begani kwenda sakafuni nyuma, maana ikikaza inabana uti wa mgongo kwenda chini. FIA inaweka ukomo wa nyuzi 45 chini ya mlalo na inapendekeza isizidi 10, na ndiyo sababu vizimba vizuri vina bomba la kulala nyuma ya mabega. Nimelifunga. Nimefunga pia nyavu za madirisha, kwa ajili ya ule mkono wangu wa kushoto usiosikia. Jeki sasa ina mabano yake na pini mbili. Dumu la maji lina mikanda ya kubana. Nilidhani ningechoka kufungua na kufunga, kumbe mtu aliyewahi kuona boksi la spana likipita mbele ya uso wake hachoki.

Na uzito. Mita 20 za bomba la 45 ni zaidi ya kilo 50, sehemu kubwa ikiwa juu ya kiuno cha gari. Uthabiti wa gari dhidi ya kupinduka, kwa hesabu rahisi kabisa, ni upana kati ya magurudumu ukigawanywa kwa mara mbili ya urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kila kilo unayoiweka juu inakupunguzia. Kisha mwenye gari akishakuwa na kizimba anaona mahali pa kufunga keria, na juu ya keria tairi la akiba, na mbele taa sita. Tairi langu limeshuka, limerudi nyuma, chini. Mihimili ya nyuma haina tena cha kukwepa.

Kizimba cha zamani kilipotolewa, jamaa mmoja akaniomba nimuuzie. Alikuwa na gari la aina ileile. Nilijaribiwa, sikatai. Mzee akanipa grainda bila kusema kitu, nikaanza kukikata vipande.

Kipande cha tatu ndicho kilichoninyamazisha. Ilikuwa kona ya juu kushoto, pale bomba la darini linapokutana na upinde mkuu. Upande wa chini, unaoonekana ukiwa umekaa ndani, mshono ulikuwa safi, umepangika kama magamba ya samaki. Nilipoigeuza, upande wa juu, uliokuwa umetazama paa kwa umbali wa vidole viwili, hapakuwa na mshono. Palikuwa na vidoa viwili vya weldi na rangi nyeusi iliyojaza ufa. Mchomeleaji alikuwa amejenga kizimba ndani ya gari lenye paa, mashine haikuingia kule juu, akaacha. Nikakata kona nyingine. Vilevile. Zote nne.

Namna ya kulifanya vizuri inajulikana: unatoboa sakafu mahali pa miguu, unakishusha kizimba chote chini ya usawa wake, unachomelea viungo vya juu mduara mzima ukiwa na nafasi ya kutosha, kisha unakipandisha na kuweka plati chini ya miguu. Au unakata paa na kulirudisha. Ni kazi ya siku kadhaa za ziada ambazo mteja hatazitazama kamwe. Mzee alitumia njia ya kwanza. Alipomaliza kona ya mwisho akanishika kidole cha shahada kama mtoto anayefundishwa kuandika, akakipitisha juu ya bomba, mzunguko wote, nikasikia matuta ya mshono yakinipita bila kukatika.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinileta nilione gari lake jipya. Kizimba kimepakwa rangi ya machungwa, kinawaka. Nikamwomba ruhusa, nikaingia, nikaingiza kidole kati ya bomba na paa. Kidole kikateleza kote, kikarudi na vumbi.

"Vipi, Bro?" akauliza. "Si kiko poa?"

Nikatoka garini, nikampa tochi na kioo kidogo cha mkononi, nikamshikia mlango.